Padre wa Pistoia Katika Madarasa ya Sera

Ippolito Desideri alizaliwa Pistoia, mji mdogo wa Toscana nchini Italia, mwishoni mwa 1684, akafariki Roma mwaka 1733 akiwa na umri wa miaka 48. Kati ya miaka hiyo, mitano na ushei aliipitisha katikati mwa Tibet, akasoma kwa walimu wa Kibudha katika mojawapo ya vyuo vyao vikubwa, na akaandika kwa Kitibeti vitabu ambavyo hakuna mmisionari aliyemtangulia aliyeweza kuandika mfano wake. Hakwenda huko kutafuta mwalimu. Alikwenda kuwaambia Watibeti kwamba dini yao imepotoka. Ni kwa nia hiyo hiyo ya kubishana ndipo akajikuta mwanafunzi, na kwa miaka yote hiyo Mabudha hawakumfungia mlango. Waliomfungia walikuwa mapadre wenzake.

Karatasi mbili za Roma, 1703–1714

Habari ya Tibet ilikuwa ikizunguka kwenye nyumba za shirika la Wajesuiti kwa karibu miaka mia moja. Padre António de Andrade, Mreno, alivuka Himalaya mwaka 1624 akafika Tsaparang, magharibi ya nchi hiyo, na misheni ikaanzishwa kisha ikafa. Mwaka 1661 Wajesuiti wengine wawili, Grueber na d'Orville, walipita Lhasa, mji mkuu wa Tibet, wakitoka China, lakini walikuwa wapita njia tu. Desideri, aliyejiunga na shirika akiwa na miaka 15, aliyajua hayo yote, akaomba atumwe kuifufua misheni hiyo. Mkuu wa shirika alikubali, naye Papa Clement XI akambariki kabla hajaondoka Roma mwezi Septemba 1712.

Kumbe mwaka 1703 idara ya Papa inayosimamia uenezaji wa imani ilikuwa imeshawakabidhi Tibet Wakapuchini, shirika jingine la Kikatoliki. Hao walifika Lhasa mwaka 1707, wakakaa miaka michache, wakaondoka kwa kuishiwa fedha. Pengine Wajesuiti waliona shamba limeachwa. Vyovyote iwavyo, kanisa moja lilikuwa limetoa karatasi mbili za nchi moja, na kijana wa Pistoia akaondoka na mojawapo mfukoni.

Alisafiri kwa njia ya Wareno. Merikebu zao ziliondoka Lisbon majira ya kuchipua, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikatia nanga Kisiwa cha Msumbiji, kisha zikabebwa na kusi mpaka Goa. Mombasa haikuwa tena bandari yao: Ngome ya Yesu ilikuwa imeangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698, miaka 15 tu kabla ya safari hii, na Msumbiji ndiyo iliyobaki kuwa kituo chao kikuu upande wetu wa bahari. Desideri aliondoka Lisbon Aprili 1713, na Septemba akawa Goa. Kutoka hapo alipanda hadi Delhi, akapewa mwenzake wa safari, Manoel Freyre, Mreno aliyemzidi umri na cheo na aliyekuwa amezoea joto la India. Majira ya baridi wakayapitisha Srinagar, Kashmir, Desideri akijifunza Kiajemi.

Njia ambayo Freyre hakutaka kuirudia, 1715–1716

Mei 1715 walianza kupanda milima kwa miguu. Ilikuwa safari ya siku 40 hadi Leh, mji mkuu wa Ladakh, kupitia theluji ambayo mwanga wake uliyaunguza macho ya Desideri mpaka yakavimba. Leh aliipenda mara moja. Mfalme aliwapokea vizuri, watawa walikuwa wapole, na yeye akaona amefika: akaanza kujifunza lugha hapo hapo.

Freyre alikuwa na mawazo mengine. Alitaka kurudi India, ila milima ile hakutaka kuiona tena. Aliposikia kwamba mbali upande wa mashariki kuna Tibet nyingine, kubwa zaidi, na kwamba kutoka huko kuna njia rahisi ya kushukia India, aliamua waende. Desideri hakupenda, lakini Freyre ndiye aliyekuwa mkubwa wake, na Mjesuiti hutii. Kwa hiyo mwanafunzi wa kwanza wa Kizungu kusoma kwa kina falsafa ya Kibudha ya Tibet alifika Lhasa kwa sababu padre mmoja alichoka na baridi. Wanaopenda kuona mpango mkubwa nyuma ya kila tukio la historia hupata taabu kidogo hapa.

Hapakuwa na njia ya watu wawili peke yao kuvuka nyika ile. Waliokolewa na bibi mmoja wa Kimongolia, mjane wa kamanda aliyekuwa akilitawala jimbo la mpakani, ambaye alikuwa akirejea Lhasa na askari wake. Aliwachukua kwenye msafara, akawalisha. Walipita chini ya mlima Kailash na kando ya ziwa Manasarovar, mahali patakatifu kwa Wahindu na Mabudha, na maelezo aliyoyaacha Desideri ya sehemu hizo ni miongoni mwa ya kwanza kabisa kuandikwa na mtu wa Ulaya. Usiku ulikuwa wa baridi kali kiasi cha kuua farasi. Tarehe 18 Machi 1716 wakaingia Lhasa. Haukupita muda mrefu Freyre akashika njia ya Nepal kurudi India, na Desideri, mwenye miaka 31, akabaki peke yake.

Khan asiyependwa

Lhasa aliyoikuta ilikuwa na jeraha bichi. Tangu 1642 Wamongolia wa kabila la Khoshut walikuwa walinzi wa utawala wa Dalai Lama. Mmoja wa wazao wa ukoo huo, Lhazang Khan, hakuridhika na ulinzi. Mwaka 1705 alimuua waziri mkuu wa Tibet. Mwaka uliofuata alimwondoa Dalai Lama wa Sita, kijana mshairi aliyependa pombe na mapenzi kuliko ibada, naye akafia njiani akipelekwa China. Khan akamweka mtu wake. Watibeti wengi hawakumtambua huyo mpya. Mioyo yao ilikuwa kwa mtoto mwingine aliyezaliwa 1708 huko Lithang, mashariki, waliyeamini ndiye Dalai Lama wa kweli aliyezaliwa upya. Monasteri kubwa za Sera, Drepung na Ganden zilinung'unika chini kwa chini.

Mtawala wa namna hiyo hana marafiki wengi, na mgeni asiye na ukoo, jeshi wala mtoto wa kumpigania hamtishi. Nadhani hiyo ni sehemu ya sababu iliyomfanya Khan ampokee Desideri kwa ukarimu ule, ingawa inaonekana pia alikuwa mtu wa kupenda mijadala. Alimruhusu kununua nyumba na kuhubiri waziwazi. Desideri akazama kwenye lugha. Aliandika baadaye kwamba alijiwekea desturi ya kusoma tangu alfajiri hadi jua linapotua, na mchana kutwa hakutia kitu kinywani isipokuwa chai. Chai ya huko hupigwa kwa siagi na chumvi, nayo hushibisha. Hata hivyo kuishi hivyo kwa miaka karibu sita kunataka moyo.

Oktoba 1716 Wakapuchini watatu walirudi Lhasa. Desideri aliishi nao vizuri na akawa mwalimu wao wa lugha, huku kila upande ukijua kwamba suala la nani mwenye haki ya kuwepo lingefika Roma siku moja.

Tarehe 6 Januari 1717, sikukuu ya Epifania, alimkabidhi Khan kitabu chake cha kwanza cha Kitibeti, chenye jina lenye maana ya mapambazuko. Kilieleza kwamba dini ya kweli ni moja tu, na nyingine haziokoi. Khan alikisikiliza na kukijadili na watu wake, kisha akatoa uamuzi ambao hakimu yeyote mwenye busara angeutoa: ufanyike mdahalo baina ya mgeni na malama, walimu wasomi wa Kibudha. Akaongeza sharti. Kabla ya siku hiyo, mgeni akasome vitabu vya wale anaowapinga, na aende kuwasikiliza kwenye vyuo vyao wanavyofundishana. Hapo safari ya Desideri ikageuka.

Ramoche na Sera, 1717

Kwanza alikwenda Ramoche, monasteri ya kale iliyo ndani ya Lhasa kwenyewe, akakaa tangu Machi hadi Julai. Agosti akahamia Sera, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kaskazini ya mji. Sera ilianzishwa mwaka 1419, mwaka aliofariki Tsongkhapa, mwalimu mkuu ambaye yeye na wafuasi wake ndio waliojenga vyuo vile vitatu vikubwa. Ilikuwa na maelfu ya watawa. Walimpa padre chumba. Walimruhusu atenge humo mahali pa altare yake asome Misa. Walimfungulia maktaba, na akawa na ruhusa ya kuingia darasani, kuuliza na kubishana.

Masomo yenyewe yalikuwa hivi, na hata leo mtu anaweza kuyaona. Wanafunzi hukusanyika uani chini ya miti. Mmoja huketi chini. Huyo ndiye anayetetea. Mwingine husimama mbele yake na kumrushia hoja, na kila anapoimaliza hupiga viganja kwa kishindo huku akikanyaga ardhi kwa mguu wa kushoto. Aliyeketi hana nafasi ya hotuba. Majibu yake ni machache na yamewekwa tangu zamani: nakubali, kwa nini, sababu yako haikuthibitika, hitimisho halifuati. Akijipinga mwenyewe, wenzake humzomea. Uani husikika kama soko, na huchukua muda kutambua kwamba kelele zile ni mantiki.

Desideri hakuhitaji muda huo. Alikuwa amesoma Collegio Romano, chuo cha Wajesuiti kule Roma, ambako falsafa na teolojia zilifundishwa pia kwa njia ya pingamizi na majibu. Aliitambua kazi mara alipoiona. Aliwaheshimu walimu wa Sera kama fundi anavyomheshimu fundi mwenzake, hata pale alipokuwa akiwaona wamepotea.

Vitabu vilikuwa bahari. Mkusanyiko wa maneno yanayohesabiwa kuwa ya Buddha mwenyewe una majuzuu zaidi ya 100, na ule wa wafafanuzi wa Kihindi zaidi ya 200. Desideri alivisoma akinakili na kufupisha. Lakini aliyeng'ang'ana naye hasa ni Tsongkhapa, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1402 kinachompandisha msomaji hatua kwa hatua hadi kwenye ukombozi. Mambo mawili humo yalimnyima usingizi.

La kwanza lilikuwa kuzaliwa upya. Ikiwa kila kiumbe amepitia maisha yasiyo na mwanzo, na mema na mabaya yake yenyewe ndiyo yanayomrudia, basi dunia ina haki bila kuwa na hakimu. La pili lilikuwa utupu. Malama hawakuwa wakisema kwamba vitu havipo. Walikuwa wakisema kwamba hakuna kitu kilichopo kwa nguvu zake chenyewe: kila kitu kimetegemea visababishi, sehemu zake, na akili inayokipa jina. Tafuta kadiri utakavyo, hutapata kiini kinachojisimamia. Padre aliona haraka kitisho kilichokuwa humo. Mungu wa Wakristo ndiye hasa aliyepo kwa nafsi yake, asiyetegemea chochote. Tsongkhapa akiwa sahihi, nafasi ya Mungu huyo imeondolewa kabla hata hajatajwa.

Kulielewa fundisho hilo kulimtesa. Anasimulia kwamba aliwaendea walimu mmoja baada ya mwingine, wakamwambia ni jambo gumu hata kwao, au wakampa majibu yasiyomridhisha. Akarudi kwenye maandishi, akasoma, hakuelewa, akaanza upya, siku baada ya siku, mpaka likamfungukia. Baadaye, asema mwenyewe, watawa walikuja kumsikiliza akilieleza. Mtu anaweza kutilia shaka kidogo sifa anayojipa, maana Wajesuiti hawakuwa watu wa kuficha ushindi wao. Ila vitabu alivyoviandika baadaye vinamshuhudia: wataalamu wa leo wanakiri kwamba alilielewa.

Hakubadili dini, wala hatuoni dalili kwamba aliyumba. Katika kitabu juu ya Tibet alichokiandika baadaye kwa Kiitalia anamwita Buddha mdanganyifu. Lakini katika kitabu hicho hicho anakiri kuona haya, akilinganisha ibada na upendo wa Watibeti kwa bwana wao na ugumu wa moyo wake kwa Bwana wake. Na alipoyaeleza maadili yao, huruma yao na staha yao, hakubana sifa.

Desemba 1717

Masomo ya Sera yalidumu miezi minne hivi, kisha vita vikayakatiza. Kati ya Wamongolia wa magharibi kulikuwa na wababe wengine, Wadzungari, walioahidi kumleta Lhasa yule mtoto wa Lithang. Hawakuwa naye, maana Wachina walikuwa wamemtia mikononi mapema, lakini ahadi ilitosha kuwapatia wenyeji wa kuwaunga mkono, wakiwemo watawa wa monasteri kubwa. Kwa hiyo mwishoni mwa 1717 padre alikuwa akiishi miongoni mwa walimu waliokuwa wakimsubiri adui wa mfadhili wake. Usiku wa mwisho wa Novemba malango ya Lhasa yalifunguliwa kutoka ndani. Khan aliuawa akijaribu kutoroka. Mji uliporwa, mahekalu pia, kisha Wadzungari wakageukia monasteri za madhehebu ya kale, wakazibomoa na kuwaua walimu wake. Waliowaita walijuta.

Mdahalo mkuu aliouagiza Khan haukufanyika kamwe.

Desideri alikimbilia mkoa wa Dakpo, mwendo wa siku kadhaa kusini mashariki, ambako Wakapuchini walikuwa na nyumba. Huko, na mara mojamoja Lhasa, aliufanya mdahalo peke yake kwa kalamu. Kazi kubwa kuliko zote aliianza mwaka 1718: uchunguzi wa mafundisho ya kuzaliwa upya na utupu, uliotolewa kwa wasomi wa Tibet na mtu anayejiita Lama wa kichwa cheupe, Ippolito. Hakunukuu Biblia kuwapiga nayo, kwa kuwa alijua haikuwa na uzito kwao. Alinukuu maandiko yao, kwa mpangilio wa hoja wa ua wa Sera, akijaribu kuonyesha kwamba walimu wao wenyewe, wakisomwa sawasawa, hawaruhusu kuzaliwa upya. Utupu hakuukataa wote. Alitafuta ndani yake upenyo wa kumpitisha Mungu. Kitabu kilifika mamia ya kurasa na hakikumalizika.

Kesi ya Roma, 1721–1733

Majeshi ya Wachina yaliwafukuza Wadzungari mwaka 1720 na kumkalisha Dalai Lama wa Saba kitini. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu kulikuwa na utulivu wa kufanyia kazi. Mwanzoni mwa 1721 ikaja barua ya mkuu wa Wajesuiti: Tibet ni ya Wakapuchini, ondoka mara moja. Fahali wawili hawakai zizi moja. Aprili 28 akaondoka Lhasa kupitia Nepal na Patna, akatumika India miaka mingine kadhaa, na Januari 1728 akawa Roma.

Hapo alijitosa kwenye kesi. Wakapuchini walimshitaki kwamba aliingilia misheni yao. Naye akaandika utetezi mrefu, mara tatu, akieleza nani alifanya nini na nani alijua lugha. Ukisoma habari ya kesi hiyo baada ya kurasa zake juu ya Tsongkhapa, unasikitika kuona akili ile ikitumika kupimia mipaka ya eneo. Novemba 1732 idara ya Papa ikatoa hukumu ya mwisho: Wakapuchini wana haki, na suala lisifunguliwe tena. Kitabu chake kikubwa juu ya Tibet, alichokuwa ameshakiandaa kwa ajili ya mchapaji, hakikuruhusiwa kutoka. Aprili 1733 akafariki.

Wakapuchini nao hawakudumu. Misheni yao ya Lhasa ilifungwa mwaka 1745. Kengele yao, yenye maneno ya Kilatini Te Deum laudamus, ilikuja kuhifadhiwa kwenye hekalu la Jokhang.

Gharama ya ukimya huo ni kubwa kuliko hasara ya mtu mmoja. Kwa karibu karne mbili Wazungu waliendelea kuandika juu ya Ubudha kwa kubahatisha, wengine wakiuita ibada ya sanamu tu, wengine Ukristo ulioharibika, wakati maelezo ya mtu aliyeketi darasani yalikuwa yamelala kwenye makabati ya Italia.

Kabati la Pistoia, 1875 na baadaye

Nakala ya kitabu cha Kiitalia iligunduliwa mwaka 1875 mjini kwao Pistoia, kwenye karatasi za mkusanyaji mmoja. Mwaka 1904 Carlo Puini alichapisha sehemu yake, na miaka ya 1950 Luciano Petech akakitoa kizima. Vitabu vya Kitibeti vilikuwa vimehifadhiwa na kanisa Roma. Padre Giuseppe Toscano alianza kuvichapisha kwa Kiitalia miaka ya 1980.

Ule uchunguzi wa mwaka 1718 ulisubiri zaidi. Mwaka 2017 sehemu zake zilitolewa kwa Kiingereza na watu wawili. Mmoja ni Donald Lopez, profesa wa Kimarekani. Mwingine ni Thupten Jinpa, Mtibeti aliyekuwa mtawa, mkalimani wa Dalai Lama kwa miaka mingi, aliyehitimu shahada ya juu kabisa ya masomo hayo hayo katika chuo cha Ganden kilichojengwa upya uhamishoni India. Desideri aliwaandikia wasomi wa Tibet, na hakuna dalili kwamba hata mmoja wao alikisoma kitabu hicho wakati Desideri mwenyewe akiwa hai. Katika utangulizi na maelezo yao, wawili hao wanapima hoja zake moja moja: wapi alimnukuu Tsongkhapa sawasawa, wapi alimpindisha, na wapi mtetezi aliyeketi uani Sera angemjibu kwamba hitimisho halifuati.